Gobori Alilolichagua Mama

Wiki iliyopita mwanangu Idi alikaa uani akipasha moto mtutu wa gobori la babu yake juu ya makaa, huku akilipaka mafuta ya mawese kwa kitambaa. Mimi nilikuwa ndani nachambua mchele. Harufu ilinifikia kabla sijajua inatoka wapi: mawese yaliyoungua kidogo, kutu, na kwa mbali ule ukali wa baruti ambao hautoki kwenye chuma hata ukisugua namna gani. Niliweka ungo chini. Tangu tumzike mama sikuwa nimelia vizuri. Kilio changu kilikuwa cha mbele za watu, cha kupokea pole. Siku hiyo nililia peke yangu juu ya mchele, na ilibidi niuchambue upya.

Nyinyi wa rika langu mliokulia Kindu, mji wetu wa reli, mtakumbuka jinsi mji ulivyonyamaza treni ilipoacha kuja. Vita vilikuwa vimefunga njia zote. Chumvi iliuzwa kwa kijiko, sabuni tulipika wenyewe kwa mawese na majivu, na baba zetu wa reli walikaa mbele ya nyumba wakiwa na mikono safi. Baba yangu, Ramazani, hakuizoea mikono yake ile. Alikuwa fundi wa breki za mabehewa, mtu aliyerudi kila jioni na grisi mpaka kwenye kiwiko, na sasa aliitazama mikono kama ya mgeni aliyekaa siku nyingi bila kusema anaondoka lini.

Rafiki yake alikuwa Papa Amisi, jirani yetu wa ukuta mmoja, naye wa reli. Ni wao wawili waliopata wazo la kwenda porini kuwinda. Hawakutaka panya wala ndege. Walitaka mbogo, kwa sababu mbogo mmoja akianguka mtaa mzima unakula, na nyama inayobaki inakaushwa kwa moshi. Hakuna kati yao aliyewahi kushika bunduki. Walivuka mto kwa mtumbwi wakaenda Alunguli kwa mhunzi mmoja mzee aliyetengeneza magobori, yale ambayo kwetu huitwa pupu, unayoyajaza kwa mdomoni: baruti kwanza, kisha nyuzi za mchikichi, kisha kipande cha chuma, halafu unashindilia kwa ufito. Waliondoka asubuhi wakicheka, wakarudi mchana mikono mitupu. Mzee alikuwa amewakatalia.

“Amesema pupu ya nyama mukubwa haitoki kwake kama mama ya nyumba hajaishika,” baba alimwambia mama. “Twende wote kesho.”

Mama alikuwa akitwanga sombe, majani ya muhogo ya mboga. Hakusimamisha mchi. “Kumbe miye njo nitawinda?”

Kesho yake tulienda. Mimi nilichukuliwa kwa kuwa hapakuwa na wa kuniachia, na nilifurahi sana kwa sababu ya mtumbwi. Alikuwepo pia mke wa Papa Amisi, Mama Mwamini, mwanamke mpole ambaye hata akiita watoto wake kula ungedhani anawaomba radhi.

Mhunzi alikuwa ameegemeza magobori mawili ukutani. La kwanza lilikuwa zuri, sijui niseme vipi. Kitako chake kilikuwa cha mti mwekundu uliosuguliwa hadi ukang'aa, mtutu mwembamba ulionyooka, na alikuwa amelipigilia misumari midogo ya shaba kama mapambo. Baba alilinyanyua, likakaa begani kwake kana kwamba lilikatwa kwa kipimo chake. Uso wake ulibadilika. Nilimwona baba yangu wa zamani, yule wa grisi.

La pili lilikuwa refu kupita kiasi, zito, jeusi. Kitako kilikuwa kipande cha mbao kilichofungwa kwa waya na mpira wa baiskeli. Mzee alisema mtutu wake ulikuwa bomba la breki la behewa lililokufa.

“Hii chuma ninaijua,” baba alisema, lakini bila mapenzi.

Mzee aliwaeleza yote bila haraka. Kwa ndege kama kanga, bomba lolote linatosha. Kwa mbogo lazima uongeze baruti, na ukiongeza baruti mtutu mwembamba unaweza kukupasukia usoni. Wa lile jekundu ulikuwa mwembamba, ila chuma chake kilikuwa cha usukani wa lori, chuma kizuri. Hakuwa na wasiwasi nao. Wa lile jeusi usingepasuka hata ukiujaza kwa hasira. Kisha akawageukia wanawake, akasema lile jambo ambalo nililikariri kama sala. Mwanaume anabeba bunduki, alisema, lakini uwindaji wenyewe unabaki umekaa nyumbani na mke wake. Siku mke ameamka na ugomvi, mume asitoke. Yale maneno yanamfuata njiani, na mbogo anayasikia kabla ya kusikia miguu.

“Si kitu ya kucheka,” aliongeza, akimtazama baba. “Kama mama amekasirika, unaweka pupu chini. Hata kama njaa iko. Wote wenye waliizarau, hawakurudi.”

Mama alishika lile jekundu, akaligeuza, akaligonga kwa kucha. Akashika lile jeusi, karibu limwangushe. Halafu akauliza swali ambalo lilinifanya nione aibu mbele ya watu.

“Mutu akiona hii nyekundu njiani, atasema nini?”

“Atasema ni bunduki,” mzee akajibu. “Na ya muzuri.”

“Na hii?”

Mzee alicheka. “Hii? Atasema ni bomba ya maji.”

“Basi hii njo tunachukua.”

Baba aliliegemeza lile jekundu ukutani polepole, na Papa Amisi, ambaye alikuwa amesimama kando kwa adabu akisubiri rafiki yake amalize, akalichukua. Mama Mwamini aliligusa kwa ncha za vidole na kusema, “Kama yeye anaipenda, miye pia ninaipenda.” Tulivuka mto kurudi, baba amepakata bomba lake la breki magotini, na mimi nikamtazama mama na kuamua kwamba mama yangu hampendi baba. Nilikuwa na umri wa kuamua mambo kama hayo moja kwa moja.

Yaliyofuata yalinithibitishia. Mama, ambaye kabla ya hapo alikuwa mtu wa kunyamaza, alianza kugombana. Si kila siku. Kulikuwa na asubuhi alizomfungia baba chakula vizuri na kumwombea safari njema, na katika asubuhi kama hizo baba alileta swala, na mara moja akaleta mbogo kweli, yeye na Papa Amisi na vijana waliokwenda kubeba. Paja la mbogo huyo lilivushwa kwa mhunzi kuwa malipo ya magobori, kama walivyokubaliana. Mtaa ulinuka moshi wa nyama siku nyingi, na watoto tulizunguka vichanja tukijifanya tunafukuza nzi.

Lakini kulikuwa na asubuhi nyingine. Mama alikuwa akitoka mapema kwenda kando ya mto, pale wanawake kutoka vijijini walipoegesha mitumbwi yao na kuuza samaki na majani ya muhogo. Alirudi na sombe yake kichwani, akaitua, akaingia jikoni, na hapo hapo ungesikia: “Nani amechukua kijiko yangu?”

Hakuna aliyechukua kijiko. Au kijiko kilikuwepo, lakini ndoo haikuwa mahali pake, au baba alikuwa ameacha viatu mlangoni, au alikuwa amemsalimia mwanamke fulani kwa sauti fulani. Mama alipaza sauti mpaka majirani wakatoka. Baba alisimama na gobori begani, akasikiliza mpaka mwisho, kisha akalivua na kuliegemeza nyuma ya mlango. Hakuna aliyemcheka kwa kubaki. Kila mtu mtaani alijua sharti la mhunzi. Walimcheka kwa mke. “Ramazani ameoa bunduki mbili,” walisema, “na moja njo inalia kila siku.”

Siku za kijiko tulikula sombe bila kitu. Nilikuwa na njaa, ile njaa ya mtoto inayokufanya ulambe ukuta mpya wa udongo, na nilijua kabisa nani ameileta.

Basi nikajipa kazi. Kama ugomvi unatokana na kijiko, kijiko kitakuwepo. Nilianza kupanga nyumba kila jioni. Niliosha vijiko na kuvipanga juu ya sinia pale ambapo kipofu angeviona. Nilijaza ndoo, nikapanga viatu vya baba chini ya kitanda, nikafagia uani mpaka Mama Mwamini akaniita binti mwema. Nilijiona ninapigana vita vyangu, na kwa muda nilidhani ninavishinda.

Halafu ikafika asubuhi ninayotaka kuwasimulia. Kulikuwa na ukungu mtoni. Baba alikwisha vaa, Papa Amisi alikuwa amesimama nje ya ua na gobori lake jekundu, misumari ya shaba ikimetameta. Walikuwa wamesikia kwamba mbogo wameonekana, kundi zima, upande wa mashamba ya zamani ya mpunga. Siku kadhaa zilikuwa zimepita bila nyama. Mama alirudi kutoka mtoni karibu anakimbia, na hakuwa na sombe kichwani.

Aliingia jikoni. Nilimfuata kwa macho. Aliangalia vijiko juu ya sinia. Aliangalia ndoo iliyojaa. Akatoka, akaangalia mlango, akaangalia ua ulivyofagiwa. Nilimwona anatafuta, na nikafurahi moyoni kwa sababu hakukuwa na kitu cha kupata. Baba alikuwa tayari ameinama kuchukua chungu kidogo cha wali aliofungiwa, wali wa mwisho tuliokuwa nao.

Mama alimwahi. Alikichukua chungu, akakiinua, akakipasua chini mbele ya miguu ya baba. Wali ukatawanyika kwenye udongo.

“Kila siku pori, pori,” alisema. Sauti yake ilikuwa inatetemeka. “Kama uko na mwanamuke huko, mwambie akupikie.”

Kumwaga chakula, wakati ule? Hata mbwa walikuwa wamekwisha mtaani. Baba alimtazama mama kwa muda mrefu, kisha akalivua gobori.

“Amisi,” alisema, “leo siendi.”

“Mbogo wako pale, Ramazani. Hawatatungoja.”

“Siendi. Na weye ubaki.”

Papa Amisi alicheka, cheko lake lile la kusamehe. “Miye kwangu amani iko,” alisema. Na kweli ilikuwepo. Mama Mwamini alikuwa amesimama mlangoni pake, ameshika kanga yake kifuani, anamtazama, hasemi neno. Papa Amisi akaondoka peke yake. Mimi nilipiga magoti nikaanza kuokota wali punje kwa punje. Tuliuosha, tukaula jioni, na mchanga ulilia menoni. Sikumwangalia mama. Nilisema moyoni kwamba nikiwa mkubwa nitaolewa na nitampikia mume wangu kila asubuhi, na sitapaza sauti hata siku moja.

Papa Amisi hakurudi. Walisubiri, wakaenda kumtafuta mbali kadiri walivyothubutu, na hawakupata hata kiatu. Baadaye, msimu wa mvua, wenye silaha walipita mtaani kwetu, wamechoka, wamelowa, na mmoja wao alikuwa amebeba begani gobori lenye kitako chekundu. Misumari miwili ya shaba ilikuwa imeng'oka. Mama Mwamini alikuwa anafagia. Aliliona, akaendelea kufagia pale pale mpaka wakapita, na hata walipokwisha kupita akaendelea kufagia pale pale.

Baba naye alikutana nao, siku nyingine, njia nyingine. Alitusimulia akicheka. Walimnyang'anya swala aliyekuwa amembeba. Kijana mmoja akalitwaa gobori, akajaribu kulielekeza, likamwinamisha kwa uzito, na wenzake wakamcheka mpaka wakakaa chini. Walimrudishia. “Mzee, rudisha bomba ya watu,” walimwambia, “watakosa maji.” Mama alikuwa anasikiliza, ametugeuzia mgongo. Mimi bado sikuelewa. Nilichoelewa ni kwamba watu hata wa porini wanamcheka baba yangu, kwa sababu ya mama.

Vita vilikwisha kwa namna vinavyokwisha. Treni ilirudi, ikakwama, ikarudi tena. Nilikua, nikaolewa, nikahamia mtaa wa Mikelenge, nikapaza sauti mara nyingi kuliko nilivyopanga. Mama alizeeka kimya, mtu wa maneno machache kama alivyokuwa kabla ya gobori, na kila alipopika alipeleka sahani kwa Mama Mwamini. Sikuuliza kwa nini. Kuna mambo ya nyumbani ambayo umeyaona kila siku mpaka huyaoni.

Ilikuwa kwenye matanga ya mama ndipo nilipojua. Mama Mwamini, sasa mzee kabisa, alikaa karibu yangu kwenye mkeka. Wanawake walikuwa wanasimulia mambo ya marehemu, mtu akataja kijiko, wakacheka, mimi pia nikacheka. Mama Mwamini hakucheka.

“Zaina,” aliniambia, “mama yako alikuwa anasikia habari kwa wanawake wa mitumbwi. Njia gani iko na watu, njia gani iko muzuri. Na hakuweza kusema wazi. Ukisema wazi, kesho wenye silaha wanakuja kukuuliza nani alikuambia, na yule mama wa samaki wanamuua. Sasa ugomvi ya nyumba, nani anauliza?”

Nilimwambia sikujua.

“Asubuhi ile alipita kwangu mbele, kabla ya kuingia kwenu. Aliniambia, Mwamini, gombana naye. Sasa hivi. Tafuta kitu.” Alivuta kanga yake kifuani. “Nilisimama pale mulangoni. Nilitafuta. Alikuwa mutu muzuri, Amisi. Sikupata kitu. Sikujua kugombana.”

Nilikuwa nafikiria vijiko vyangu vilivyopangwa juu ya sinia, ndoo yangu iliyojaa, ua wangu uliofagiwa, na mama yangu akigeuka huku na huku ndani ya usafi wote ule akitafuta mahali pa kumshikia mume wake.

Baada ya matanga nilimuuliza baba kama alikuwa anajua.

“Mara ya kwanza sikujua,” alisema. “Ya pili nilijua. Halafu kuna siku nilikuwa na woga miye mwenyewe, na yeye hakuwa na neno. Basi ninasema, chai gani hii? Na yeye ananiangalia, halafu anaanza.” Alitabasamu, kisha uso ukamporomoka. “Hatukuongea hiyo mambo hata siku moja. Ingekwisha nguvu.”

Sasa nirudi kwa Idi na mawese yake. Tangu matanga baba anaishi kwangu, na gobori lake limehamia nyuma ya mlango wangu. Mwanangu amepata kazi ya kubeba watu kwa pikipiki, kazi hailipi, na kama babu yake alivyofanya, ameota mbogo. Alivuka Alunguli kwa watoto wa yule mhunzi kuchagua gobori lake la kwanza, akarudi na picha kwenye simu, akamwonyesha babu yake moja baada ya nyingine ili amchagulie. Baba aliangalia zote kwa heshima. “Bibi yako amekwisha kuchagua,” alisema, akamrudilia sharti la mhunzi, na kumwelekeza nyuma ya mlango. Ndiyo maana lilikuwa juu ya makaa.

Mke wa Idi anaitwa Sifa, mtoto wa mji wa Lubutu, bado mgeni kwetu. Anampenda mume wake waziwazi, jambo ambalo linatufurahisha na kutuchosha. Anaongea chini. Hadithi ya kijiko aliisikia kwenye matanga. Nilipomwona kwanza nilimkumbuka Mama Mwamini, na moyo ulinishtuka bila sababu niliyoweza kuitaja.

Juzi asubuhi nilishuka mtoni kununua samaki. Mwanamke ninayemjua, ambaye mama yake alimjua mama yangu, alinifungia samaki kwenye jani na, akiwa ameinama, akaniambia kuna watu wasiojulikana wamelala karibu na mashamba ya zamani ya mpunga. Hakuinua macho. Nilirudi haraka kadiri magoti yangu yanavyoruhusu. Idi alikuwa anafunga viatu. Nikamwambia asiende. Alicheka kwa upendo. “Mama, hizo ni habari ya soko. Vita ilikwisha.” Ningeweza kupasua kila chungu cha nyumba ile na asingeliweka gobori chini, kwa sababu mimi si mke wake.

Nikaingia jikoni. Sifa alikuwa anafunga wali kwa jani la ndizi, taratibu, akinyoosha kila kona. Nilimwambia sikioni. Nilimwambia yote kwa maneno machache: njia, watu, na kitu gani lazima afanye, sasa hivi. Alinitazama kwa macho makubwa. Akatazama chakula alichokifunga. Midomo yake ilifunguka, haikutoa kitu, na nikajua nimesimama tena uani kwetu, kwenye ukungu, na mwanamke mpole mlangoni anatafuta na hapati.

Nilitoka nje kwa sababu sikuweza kuangalia. Baba alikuwa kwenye kiti chake. Idi alikuwa amekwisha kulitia gobori begani, amegeukia njia.

Kisha nyuma yetu kitu kikavunjika, kizito, na vipande vikaruka mpaka mlangoni. Sauti iliyofuata sikuwahi kuisikia. Ilikuwa juu, ilipasuka katikati, ilikuwa inalia na kutukana kwa pamoja, na ilisikika nyumba za mbali.

“Idi! Nani amechukua kijiko yangu?”

Mwanangu alisimama, mdomo wazi. Majirani walianza kutoka. Baba alifumba macho, machozi yakamshuka hadi kwenye ndevu, na akamnyooshea mjukuu wake mkono ili ampokee bunduki.

“Leta hapa,” alisema. “Leo hatuendi.”